Upatanisho wa Kisarufi wa Nomino za Viumbe Hai: Bundi na Makinda Wake

Katika somo lililotangulia tuliona kuwa umbo la nomino huelekeza upatanisho: *kitabu kimepotea, vitabu vimepotea*. Sasa tunachunguza nomino zisizofuata mwelekeo huo. Tusome kifungu kuhusu bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, ambaye wanasayansi humwita *Tyto alba*.

Kifungu

Bundi huyu ana urefu wa sentimita 33 hadi 39. Jike hutaga mayai 4 hadi 7 darini, gofuni au katika tundu la mti. Huanza kuatamia mara tu yai la kwanza linapotagwa, na kila yai huanguliwa baada ya siku 30 hivi. Kwa kuwa mayai hutagwa kwa kupishana siku 2 au 3, makinda hawalingani: wa kwanza huwa mkubwa, wa mwisho mdogo sana. Dume huwaletea panya usiku. Panya wakiadimika, makinda wadogo hufa kwanza. Waliosalia huanza kuruka wakiwa na umri wa siku 50 hadi 60.

Maelezo

(a) *Bundi* na *kinda* hazina kiambishi *m-*, na wingi wa *kinda* ni *makinda*. Hata hivyo twasema *bundi huyu, kinda mdogo, makinda wadogo*. Kigezo ni uhai wa kinachotajwa, si umbo la nomino.

(b) *Yai–mayai* hufanana kwa umbo na *kinda–makinda*, lakini huchukua LI-YA. Hivyo upatanisho hubadilika gamba linapopasuka: *yai limeanguliwa, kinda ametoka*.

(c) Kifo hakiliondoi jina la kiumbe katika A-WA: *bundi aliyekufa*. Lakini *mzoga wake umeoza*.

Kwa mwalimu

Katika Kiganda husemwa *ekinyonyi kibuuka*, na katika Kinyarwanda *inyoni iraguruka*, yaani ndege huruka. Kitenzi hufuata ngeli ya nomino, ijapokuwa ndege ni kiumbe hai. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika *\*makinda yameruka* huenda anahamisha kanuni halali ya lugha yake. Kumkata alama pekee hakumfundishi. Tumwandikie sentensi za lugha zote mbili sambamba, kisha aeleze tofauti yeye mwenyewe.

Zoezi

1. Andika kwa wingi: *Kinda huyu mdogo amemeza panya.*
2. Sahihisha na utoe sababu: *\*Bundi ile imetaga, mayai wake wameanguliwa.*
3. Tunga sentensi tano kuhusu ukuaji wa kuku, kuanzia *yai* hadi *kifaranga*, kisha eleza upatanisho unapobadilika.