Maumivu ya Selimundu: Ya Kufanya na ya Kutofanya Wodini

Haya ni ya wote wanaoingia wodini Kisumu na kandokando ya ziwa, ambako selimundu ni ugonjwa wa kila wiki: daktari, afisa wa kliniki, muuguzi, mfamasia, mtaalamu wa tibamaungo, afisa wa ustawi wa jamii.

Muulizeni mgonjwa mwenyewe. Mkubwa ataje namba, sifuri hadi kumi. Mtoto aonyeshe picha ya uso. Mchanga mtazameni miguu na kilio. Kiswahili kikimshinda, ulizeni kwa Kijaluo.

Andikeni namba hiyo kwenye chati moja, pamoja na joto na mapigo ya moyo. Rudini kuuliza nusu saa baada ya sindano, saa moja baada ya dawa ya kunywa. Daktari akiandika kwake na muuguzi kwake, mtoto aliyesema nane jioni ataamka na nane ileile, na kila mmoja ataapa alifanya kazi yake.

Msimwite mgonjwa teja. Kijana anayeitaja morifini kwa jina na kipimo amelazwa mara nyingi kuliko intani anayemhudumia. Anajua kinachomsaidia, basi. Wala anayechezea simu huku akisema tisa si mwongo. Amezoea kuumwa.

Msichome pethidini kwa mazoea. Mabaki yake hulimbikizana mwilini na huweza kuleta degedege.

Msimwekee barafu. Baridi huzidisha.

Morifini ya maji ikishaandikwa kila saa nne, itolewe kila saa nne, hata mgonjwa asipolia. Dawa ya kulainisha choo iandikwe siku hiyohiyo. Chupa ikikaribia kwisha Ijumaa, mfamasia aseme Ijumaa. Muuguzi ahesabu pumzi: aliyezama usingizini na kupumua polepole hapewi dozi nyingine kabla daktari hajamwona. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa kuandika morifini. Kwetu, walau simu ya muuguzi saa tisa usiku ipokelewe.

Msimtoe mama nje wakati wa raundi. Ndiye anayejua kwamba kemisti wa Kondele alishamchoma mtoto diklofenaki mchana. Mkiongeza nyingine bila kuuliza, mnaziumiza figo ambazo selimundu imeshazichokoza.

Mtaalamu wa tibamaungo aitwe mapema. Mtoto mwenye maumivu ya mbavu hupumua juu juu, na hapo ndipo kifua huharibika. Mazoezi ya kupumua hayangoji siku ya kuruhusiwa. Anayechechemea naye apimwe nyonga.

Msimruhusu kwenda nyumbani kabla ustawi wa jamii haujauliza nauli. Wa Mfangano apande boti akiwa na dawa za kumfikisha kliniki ijayo, pamoja na karatasi inayosema alipewa nini, kiasi gani, na kikamsaidia kufikia namba gani.