Msichana Mlangoni kwa Washeka

Mwalimu wetu wa Historia alitupa kazi ya likizo: kila mwanafunzi achague jamii moja ya watu wa karne ya kumi na tisa, asome habari zake, kisha aje kuwafundisha wenzake kwa dakika kumi. Wenzangu wengi walichagua watawala na vita. Mimi nilichagua Washeka wa Marekani. Dakika zangu kumi zilikwisha kabla sijafika katikati, kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu nimalize somo langu.

Swali lililonipeleka kwao ni hili. Msichana wa umri wetu, aliyefiwa na wazazi, au ambaye kwao hapakaliki kwa ugomvi na ulevi, angekimbilia wapi katika Marekani ya zamani hizo? Palikuwa na nyumba za maskini, ambazo watu waliziogopa. Palikuwa na utumishi wa mkataba katika nyumba za wenye mali, na kazi ya viwanda vya nguo toka alfajiri hadi usiku. Tena, katika majimbo kadhaa, palikuwa na kijiji kisafi chenye nyumba kubwa, mashamba yaliyolimwa vizuri, na watu waliovaa mavazi ya namna moja. Hapo palikuwa kwa Washeka, na aliyebisha hodi akiwa na njaa alipewa chakula.

Yafaa kwanza niwaeleze ni watu gani. Jina lao maana yake ni watu watikisikao, kwa kuwa katika ibada walicheza na kutetemeka mpaka watu wa nje wakawacheka. Wao wenyewe walipenda kuitwa Waamini. Mama yao wa imani alikuwa Ann Lee, binti wa mhunzi wa Manchester, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1736. Hakujua kusoma. Aliolewa, akazaa watoto wanne, na wote wanne wakafa wakiwa wadogo. Mwaka 1774 alivuka bahari pamoja na wafuasi wanane wakashukia New York, na mwaka 1784 akafariki. Waliobaki wakajenga vijiji toka Maine mpaka Kentucky, na katika karne iliyofuata watu wao walifika maelfu kadhaa.

Sheria zao kubwa zilikuwa tatu. Mali yote ni ya wote. Dhambi zote ziungamwe kwa mdomo. Tena hakuna kuoa wala kuolewa: mume na mke wakijiunga wanakuwa kaka na dada, na watoto wao wanakuwa watoto wa kijiji. Wanaume na wanawake waliishi katika nyumba moja, lakini kila upande ulikuwa na mlango wake na ngazi zake. Uongozi nao waliugawa, wazee wa kiume na wazee wa kike kwa heshima moja, jambo ambalo huko nje wanawake wa Marekani hawakuliota bado.

Sasa wasomaji wangu wafikiri kidogo. Kijiji kisichozaa watoto kitaendeleaje? Kitaendelea kwa wale wanaokuja tu. Basi yule msichana aliyesimama mlangoni alikuwa anawahitaji Washeka, na Washeka nao walikuwa wanamhitaji yeye. Wenzangu darasani hawakulitilia maanani jambo hili, lakini mimi naona ndilo lenye kueleza mema yao na mabaya yao pia.

Tumfuate ndani. Kama alikuwa mtoto, mzazi au mlezi wake alitia sahihi hati ya kumkabidhi, kwa kawaida mpaka miaka 18 kwa msichana na 21 kwa mvulana. Aliwekwa pamoja na watoto wenziwe chini ya dada mlezi, mbali na wazazi wake hata kama nao walikuwa wamejiunga. Akafundishwa kusoma, kuandika na hesabu. Wasichana walisoma wakati wa joto na wavulana wakati wa baridi, kusudi mikono ipatikane ya kufanya kazi. Akajifunza kushona, kusuka, kupika, kukausha majani ya dawa na kutia mbegu za bustani katika pakiti za kuuzwa. Mbegu za Washeka zilijulikana mbali, maana walikuwa waaminifu katika biashara.

Kengele ililia saa kumi na nusu alfajiri wakati wa joto, na baadaye kidogo wakati wa baridi. Watu walikula kimya, wanaume meza zao na wanawake meza zao, na kilichopakuliwa lazima kiliwe kikaishe. Kupanda ngazi, mguu wa kulia hutangulia. Viti vilitundikwa ukutani juu ya vigingi ili sakafu ifagiliwe vizuri. (Bweni letu lingefaidika sana na vigingi hivyo. Nimekwisha mwambia matroni.)

Nilipoyasoma hayo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mimi nilifika katika shule hii na tranka moja na barua ya shangazi. Baba na mama walikuwa wameachana, nikawa nimekaa nyumba tatu katika miaka miwili, na kila nyumba ilikuwa na watoto wake. Wenzangu wa Kidato cha Kwanza walililia nyumbani usiku ule. Mimi nililala usingizi mzito. Nilikuwa nimepewa kitanda chenye namba yangu, na kengele ikilia ilinilia mimi sawasawa na mwingine. Kwa hiyo mtu akisema kwamba taratibu zile za Washeka zilikuwa kifungo tu, namwelewa, lakini najua kwamba kwa mtoto aliyetupwa huku na huku utaratibu ni aina ya huruma.

Na lile la kuungama? Aliyetaka kuwa Mshaka kamili alikaa na mzee wa kike peke yao, akasema yote aliyoyatenda. Nadhani msichana mwenye taabu alisema pia yote aliyotendewa. Huenda hakuna aliyepata kumsikiliza kabla ya siku ile.

Mwaka 1837 lilitokea jambo la ajabu zaidi. Katika kijiji cha Watervliet, karibu na mji wa Albany, wasichana wadogo, wengi wao kati ya miaka 10 na 14, walianza kutikisika na kuzimia wakiwa katika mkutano wao. Walipozinduka walisema wamechukuliwa mpaka mbinguni, wakaimba nyimbo walizosema wamezisikia huko. Wazee hawakuwachapa wala kuwanyamazisha. Waliwasikiliza, wakaandika maneno yao, na jambo hilo likaenea vijiji vyote kwa zaidi ya miaka kumi. Kama ni roho au ni mioyo ya watoto waliotengwa na mama zao, siwezi kuwa mwamuzi. Ninaloliona ni kwamba watoto wa kike ambao kazi yao ilikuwa kutii, ghafla wakawa wanatiiwa.

Hapa lazima nigeuze ukurasa, maana nikiishia hapa nitakuwa nimedanganya. Katika jimbo la New York alikuwako mama mmoja, Eunice Chapman. Mumewe, James, alimwacha akajiunga na Washeka, na mwaka 1814 akawachukua watoto wao watatu, mvulana mmoja na wasichana wawili, akawapeleka kijijini wakati mama yao hayuko. Kwa sheria ya siku zile watoto walikuwa mali ya baba. Mama yule hakutaka kuwa Mshaka wala hakukubali kunyamaza. Alichapisha vitabu akieleza dhuluma aliyotendewa, akawasumbua watunga sheria wa jimbo mwaka baada ya mwaka. Washeka nao wakajibu kwa maandishi yao. Watoto walihamishwa mpaka Enfield, New Hampshire, mbali na mkono wa sheria ya New York. Hatimaye mwaka 1818 Baraza la Kutunga Sheria likapitisha sheria maalumu ya kumpa Eunice talaka na haki ya watoto, naye akawafuata huko na kuwarudisha.

Ukuta ule ule uliomkinga msichana mmoja na baba mlevi, ulimzuia mwingine asimwone mama yake aliyekuwa anamlilia nje. Darasani tulibishana sana juu ya hili. Rafiki yangu mmoja alisema Washeka walikuwa wezi wa watoto. Mwingine akasema mwizi haandiki hati wala haachi mlango wazi, maana ni kweli kwamba mtu akitimiza umri alikuwa huru kuondoka, na watoto wengi waliolelewa huko waliondoka. Mimi nilijibu kwamba uhuru wa miaka 18 ni mzuri, lakini haumrudishii mtu miaka kumi ya kukaa bila mama. Kengele ya chakula ikatuamua.

Namalizia na msichana ambaye jina lake nalijua, maana yeye ndiye niliyependa kumweleza na muda ukanipokonya. Aliitwa Cora Helena Sarle, aliyezaliwa mwaka 1867. Mwaka 1882, akiwa bado kijana na afya yake dhaifu, alifika katika kijiji cha Canterbury, New Hampshire. Siku zile Washeka walikuwa wanapungua. Viwanda vilikuwa vimezishinda bidhaa zao, na vijana walivutwa na miji. Msichana mgonjwa asiyeweza kazi nzito angeonekana mzigo katika kijiji chenye upungufu wa mikono.

Katika kijiji hicho alikuwako mzee mmoja, Henry Blinn. Alikuwa mpiga chapa, mwalimu, mfuga nyuki na hata mng'oa meno. Yeye naye alifika pale akiwa mvulana wa miaka 14, mwaka 1838, kutoka mji wa Providence. Nadhani alikumbuka. Hakumpa Helena jembe wala ndoo, alimpa kazi ya kutoka nje kwenye hewa safi, kuitafuta mimea ya porini na kuichora, mchoro mmoja baada ya mwingine, ili watoto wa shule ya kijiji wajifunze majina yake. Kati ya mwaka 1886 na 1887 Helena alijaza madaftari mawili, michoro zaidi ya 180, yenye majani, maua na mizizi kwa rangi zake.

Angalieni hekima ya mzee yule. Angeweza kumwambia apumzike. Mgonjwa anayeambiwa apumzike siku zote anabaki na ugonjwa wake kitandani, wanatazamana. Dawa ya Blinn ilikuwa na manufaa kwa wengine pia: kulikuwa na watoto waliokuwa wanangoja mchoro wa kesho. Helena akapata nguvu. Akatia sahihi agano, akabaki, akaendelea kuchora mandhari ya kijiji mpaka uzeeni. Alikufa mwaka 1956, yule msichana dhaifu, akiwa na miaka karibu 90.

Dada wa mwisho wa Canterbury alifariki mwaka 1992, na kijiji hicho sasa ni makumbusho. Huko Sabbathday Lake, katika jimbo la Maine, wamesalia Washeka wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole. Lakini madaftari ya Helena yapo, na michoro yake imekwisha kupigwa chapa katika kitabu. Mwalimu alinionyesha kurasa chache. Kuna ua moja dogo jeupe ambalo amelichora na mizizi yake yote, hata ule uliovunjika.

Nina mdogo wangu wa kiume anayekaa kwa bibi, na tangu nije hapa nimemwona mara nne tu. Yeye hakupata bweni wala kengele. Likizo ikifunguliwa nitapanda basi la asubuhi. Nimekwisha mnunulia daftari lisilo na mistari na penseli za rangi, na nitamwambia aanze na ule mwembe ulio nyuma ya jiko la bibi, achore jani moja kila siku mpaka nitakaporudi tena.