Kubadili Mafaili ya Video: Kasha na Yaliyomo

Watumiaji wa kamera za video hutofautiana sana wanapotoa maoni juu ya programu za kubadili mafaili. Mmoja husifu kwamba rekodi ya saa nzima ilikamilika kwa dakika chache, na picha ikabaki vile vile. Mwingine hulalamika kwamba kompyuta yake ilikesha ikifanya kazi, na asubuhi akapata picha zenye ukungu. Mara nyingi wote wawili husema kweli, ila hawazungumzii kazi moja.

Hapana budi kutenganisha vitu viwili. Faili la video ni kasha; ndani yake mna picha na sauti zilizobanwa. Herufi za mwisho wa jina lake, kama MTS au MP4, hutaja kasha tu. Kamera za mtindo wa AVCHD, uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, hutoa mafaili ya MTS; lakini picha zilizomo zimebanwa kwa kanuni ya H.264, ile ile itumikayo katika mafaili mengi ya MP4.

Kubana huku ni lazima, na mwanafunzi aweza kuthibitisha kwa hesabu. Picha moja ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Kila nukta ikipewa baiti 3 za rangi, picha 25 za sekunde moja zitahitaji baiti 155,520,000. Kamera inayorekodi kwa megabiti 24 kwa sekunde huandika baiti 3,000,000 tu, yaani takriban sehemu moja ya 52. Hufanikiwa kwa kuhifadhi tofauti kati ya picha na picha, na kwa kuacha mambo madogo ambayo jicho haliyatambui upesi. Kilichoachwa hakirudi.

Basi programu yaweza kuzihamisha picha zilivyo kutoka kasha moja hadi jingine, pasipo kupoteza chochote. Au yaweza kuzifumua na kuzibana upya. Hapo upotevu wa pili huongezwa juu ya ule wa kwanza. HandBrake hubana picha upya daima. Kuilinganisha kwa saa na programu inayohamisha tu ni kama kumlaumu fundi aliyeshona suti nzima kwa kuchelewa kuliko aliyebadili vifungo. FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, hufanya yote mawili: ikiamriwa kunakili, huhamisha, isipoamriwa, kwa kawaida hubana upya. Ndiyo maana programu hiyo moja husifiwa na kulaumiwa kwa jambo lile lile.

Kubana upya si kosa pale ambapo chombo cha kuonyeshea hakiielewi kanuni ya H.265, iliyoidhinishwa mwaka 2013. Kasha jipya peke yake halitasaidia. Hatari iko katika mipangilio ambayo programu hujichagulia yenyewe. Tuseme mwalimu wa fizikia amerekodi jiwe likianguka, kwa picha 50 kila sekunde, na programu ikapunguza picha hadi 25. Muda kati ya picha mbili sasa ni sekunde 0.04, wala si 0.02. Mwanafunzi asiyejua atahesabu nusu ya muda wa kweli. Na kwa kuwa muda hupigwa kipeo cha pili, atapata mchapuko wa mvutano wa takriban 39 badala ya 9.8. Jiwe halina kosa, wala saa ya kamera. Faili la kamera likiwa bado halijafutwa, jaribio laweza kupimwa upya.