Stoo ni Stoo, Shelfu ni Shelfu: Tenga Data za Majaribio na za Duka Lenyewe

Niko hapa Kikuyu, Dodoma. Somo la leo ni kwa wenye duka la mtandaoni lenye tovuti au app yake. Hata kama umemlipa kijana akutengenezee, soma ili ujue cha kumuuliza.

Maduka mengi ya aina hii yanatunza taarifa kwenye kanzidata ya nyaraka, kama MongoDB au Firestore ya Google. Ichukulie hivi: kila bidhaa ina karatasi yake yenye jina, bei, picha na idadi. Karatasi za bidhaa zina faili lake, za oda lake, za wateja lake.

Shida inaanza pale vitu vya kujaribia vikikaa faili moja na vitu vya kuuza. Umeweka "kitenge jaribio" Sh 100 uone kama malipo yanapita. Mteja anakiona, analipa, anasubiri mzigo. Au unafuta oda za uongo, zinaondoka na za watu walioshalipa. Hapo hela imepotea na jina limechafuka.

Kuna mambo mawili hapa, tusiyachanganye.

1. BIDHAA AMBAYO HAIJAWA TAYARI
Picha bado, bei bado. Hii inaweza kukaa kanzidata ileile ya duka. Ongeza tu sehemu inayoitwa "hali": iandike "rasimu" au "hai". Duka lisome zenye "hai" peke yake. Kwa Firestore, kanuni za ulinzi nazo zizuie rasimu, maana kuificha kwenye ukurasa tu hakutoshi. Mjanja ataifikia.

2. KUJARIBU MFUMO
Malipo mapya, muonekano mpya, oda za uongo. Hivi vikae kanzidata nyingine kabisa. Kwenye MongoDB unaweza kuwa na "duka_jaribio" na "duka_hai", kila moja na mtumiaji wake na nywila yake. Mtumiaji wa jaribio asipewe ruhusa ya kugusa duka hai. Kwenye Firestore, fungua miradi miwili tofauti.

Usiogope gharama. MongoDB Atlas wana kifurushi cha bure cha MB 512, na Firestore inaruhusu kusoma nyaraka 50,000 kwa siku bila malipo. Kwa majaribio ya duka dogo inatosha sana.

KUHAMISHA KUTOKA JARIBIO KWENDA HAI
- Chukua nakala ya akiba ya duka hai kwanza.
- Hamisha bidhaa na mipangilio tu. Oda za majaribio zibaki hukohuko.
- Tumia namba ileile ya utambulisho kwa kila bidhaa. Ikibadilika, kitenge kimoja kitaonekana mara mbili.
- Usirudishe idadi ya stoku kutoka kwenye jaribio. Duka hai limeendelea kuuza, idadi ya kweli iko kule.
- Bei iandikwe pia ndani ya oda yenyewe. Ukipandisha bei kesho, oda ya jana isibadilike.

NA WATEJA JE?
Usinakili majina, namba za simu na anwani za wateja kwenda kwenye majaribio. Kule nywila huwa zinagawiwa kwa fundi na kwa rafiki wa fundi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023. Inakuhusu hata wewe mwenye duka dogo. Tunga majina ya uongo ujaribie hayo.

Leo hii muulize fundi wako maswali matatu: Ukijaribu kitu, kinaandikwa wapi? Nywila ya jaribio inaweza kufungua duka hai? Nakala ya akiba ya mwisho ni ya lini?

Akijibu "vyote viko sehemu moja, usijali bosi", wewe jali. Mwambie atenganishe kabla hujaweka tangazo lingine.

Kazi njema, na mauzo mema.