Wasia wa Mama kwa Mwanawe

Bismillahir Rahmanir Rahim. Na ijulikane ya kwamba wasia wa mzazi ni urithi usiogawanywa kwa mafungu. Luqman, ambaye sura ya 31 imepewa jina lake, alimwita mwanawe kwa upole. Kwanza alimkataza shirki, kisha akamwamrisha sala, na hata namna ya kwenda na kusema hakuiacha.

Katika pwani ya Waswahili, Mwana Kupona binti Mshamu naye alimuusia binti yake, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikwisha kufariki mwaka 1856, na yeye mwenyewe alikuwa ameshikwa na maradhi. Basi mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858, alimtaka binti aketi karibu naye, na wino na karatasi, ayaandike atakayoambiwa. Alianza na dini, kisha adabu na ulimi wa kweli. Ndipo akafika kwenye haki za mume. Wako wasomao mlango huo wa mume peke yake: hao wamechukua kifuniko, wameacha chungu.

Tena dua ndani yake ni nyingi. Mama awaombea watoto wake, na mwenyewe aomba kupona, kama lilivyo jina lake. Hakuishi miaka mingi baada yake. Lakini utenzi ulinakiliwa kwa herufi za Kiarabu, mkono kwa mkono, na wanawake wa Lamu na Pate wakauhifadhi vifuani, wakawasomea binti zao.