Nani ameona? Vitenzi katika video za taa za angani
Kirolirwe, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitshanga, wekundu wa usiku si jambo geni: Nyamulagira iko mashariki, na inapowaka hupaka mawingu rangi. Kwa hiyo video za «taa za ajabu» mimi huzisikiliza kabla ya kuzitazama. «Kumeonekana», «inasemekana»: viambishi ku- na i- hapa havimrejelei mtu yeyote, shahidi amefichwa na sarufi. Aliyeona kwa macho husema, «Niliona, saa moja ya jioni, upande wa Sake.» Nafsi, saa, upande: hayo hukaguliwa. Mstari wa nukta unaopita kimya baada ya magharibi, kwa mfano, unalingana na setilaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa makundi mwaka 2019. Huko juu ziliko, jua bado linazimulika.

Lakini kupuuza kila kitu nako ni uvivu. Usiku wa 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka kweli, lava ikafika Buhene. Mtu wa Goma aliyekuwa akiamua akimbilie Sake au Gisenyi, «kumeonekana» ingemfaa nini? Alihitaji jina la mtaa.