Kutoka Upumbavu hadi Uzuri: Safari ya Neno "Nice"

Katika tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, Cassius anamlalamikia Brutus kwa kumwadhibu Lucius Pella aliyepokea hongo kwa watu wa Sardi. Hoja yake ni kwamba wakati kama huo haufai kwa kuchunguza kila kosa, na kosa lenyewe analipa sifa ya "nice". Mfasiri anayelijua neno hili kwa maana yake ya leo pekee ataandika "kosa zuri" au, akiona haya, ataliruka. Njia zote mbili zinaiharibu tamthilia. Cassius anamaanisha kosa dogo, lisilo na uzito, na Brutus anamjibu kwa kumshtaki yeye mwenyewe kwa tamaa ya fedha. Asiyeisikia dharau iliyomo katika neno hilo fupi hataelewa ni kwa nini hasira inawaka ghafla hivyo. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye tafsiri yake ya tamthilia hii ilitoka mwaka wa 1963 na kurekebishwa mwaka wa 1969 kama Juliasi Kaizari, naye aliupitia mtego huu.

Asili ya neno ni Kilatini: "nescius", yaani asiyejua, kutokana na "ne" (si) na "scire" (kujua). Kifaransa cha Kale kililichukua kwa maana ya mjinga, na Kiingereza kikalipokea mnamo 1300 kwa maana iyo hiyo. Kumwita mtu "nice" wakati huo kulikuwa kumtukana. Baadaye liliwahusu wazembe, waoga, na wenye kuchaguachagua mno. Kisha mambo madogo na tofauti finyu zinazohitaji jicho kali. Namna maana hizi zilivyoshikana bado inabishaniwa. Maana ya kupendeza ilistawi katika karne ya 18 tu.

Katika Northanger Abbey ya Jane Austen, riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney anamcheka Catherine Morland kwa kulitumia neno hili kusifu kitabu. Anadai kwamba asili yake ni unadhifu na ustaarabu. Kwa kweli mcheshi huyo naye amekosea: zamani aliyoitaja si zamani ya kutosha, kwani nyuma ya huo unadhifu amekaa mpumbavu.

Kiswahili nacho kina "poa". Chai hupoa, hasira hupoa, lakini kijana akiulizwa "Mambo?" hujibu "Poa", wala hazungumzii joto. Kitenzi kimezaa sifa ya wema, na maana mbili zinaishi bega kwa bega bila kugombana. Mhadhiri anayeipigia sifa hiyo mstari mwekundu katika insha ana haki kwa upande wa rejista. Akidai kwamba si Kiswahili kwa sababu maana ya asili ni nyingine, basi amekaa kiti kimoja na Henry Tilney.